Sista Mkuu na Unga wa Sumaku

Jumanne, Nachingwea

Nyeusi, hatimaye! Kila nikijaribu kutengeneza chembe ndogo za chuma zenye sumaku, zilikuwa zinatoka kahawia, kutu tupu. Sista Mkuu wa shule alishaniambia harufu ya amonia ninayochanganyia ikimsumbua tena bure, atafunga maabara.

Leo nimeziosha vizuri, nikamwita. Nilipogusisha sumaku kwenye glasi yenye chembe hizo majini, weusi wote ukaikimbilia. Sista alifurahi mpaka akachovya kidole.

“Mwalimu, kumbe unafanya kazi!”

Kengele ya misa ikalia, akaondoka mbio bila kunawa. Kanisani akapiga ishara ya msalaba kwa kidole kilekile cheusi.

Padri akamkazia macho kwenye paji la uso. “Sista, Kwaresima imeanza lini?”

Aliyecheka kwa sauti ni mimi peke yangu. Kesho sijui nitafundishia wapi.