Breki za Mama Tani

Jumanne, 4 Machi

Amelinunua! Lile lile! Nilikuwa nakata suruali ya mteja, pini mdomoni, nikasikia bredauni inanguruma nje. Kutazama — lori linakokotwa kuingizwa uani, kichwa kimebonyea kama kopo lililokanyagwa. Mke wangu yuko mbele, anaelekeza kwa mkono wa kulia. Wa kushoto haupandi juu ya bega tangu apate ajali na lori hili hili. Nusura nimeze pini.

Nikamuuliza: la kuuza vipuri? Akasema: la kufufua.

Kona ya ukuta wa choo imebomoka lilipopita. Majirani wote nje. "Mama Tani kalirudisha jini lake nyumbani!" Wakacheka. Nikacheka nao.

Alhamisi, 6 Machi

Leo kafunguka. Kampuni ilimfukuza ikisema alisinzia. Yeye siku zote anasema breki zilikata mteremkoni. Utingo wake alikuwa kalala fofofo, hakuona kitu. Kwa hiyo ni neno lake na la mabosi. "Kaka atazifungua breki, baba watoto. Waje wajionee wenyewe."

Kaka yake ni fundi magari. Nikasema wazo zuri. Uongo mtupu! Naliogopa lile lori. Hata kwenda chooni nazunguka upande wa pili.

Jumatatu, 10 Machi

Kanipa kiti cha dereva nikishone. Kimechanika, kina doa pana upande wa kushoto. Nimekikata kipande kile, nikakichoma nyuma ya nyumba. Binti yetu akauliza kinachonuka nini. Nikasema sponji kuukuu.

Jumamosi, 15 Machi

Shemeji kafungua matairi yote. Mke wangu hakuwepo, alikwenda kwa wauza vyuma chakavu kutafuta kioo cha mbele. Mimi ndiye niliyeshika spana.

Shemeji mdomo haulali, kama redio. Leo kimya. Mwisho akafuta mikono kwa tambara langu jipya, akasema, "Shemeji, breki nzima."

Nzima vipi?

Zote. Mabomba, tangi la upepo, kila gurudumu. Hakunitazama machoni. Nikasema mwambie. Akasema, "Mwambie wewe, ndiye mume." Wewe ndiye fundi! Tukabishana kwa kunong'ona kama wezi.

Mke wangu akaingia na kioo. Shemeji akawahi kumwambia — eti bomba moja lina ufa, atalibadilisha. Mke wangu akaitikia kwa kichwa, akaenda kunawa. Hakuomba kuliona hilo bomba. Hakuomba! Mtu ambaye hukagua hata vishikizo ninavyoshona.

Jumatano, 19 Machi

Kasinzia mezani. Mchana kweupe, kijiko mkononi. Binti akacheka, akampuliza sikioni. Zamani ningecheka pia. Huyu tangu tuoane akikaa tu, kope zinashuka. Leo nimetoka nje, nimeshika ukuta.

Na mzigo wa kwanza keshaahidiwa. Keshokutwa namwambia. Hapana — kesho.

Alhamisi, 20 Machi

Sijamwambia.

Jumapili, 23 Machi

Limewaka! Moshi mweusi, mtaa mzima makofi. Kasema analijaribu leo leo, mpaka kule mlimani. Kugeuka, binti yetu keshapanda mbele! Nikamshusha kwa nguvu, akalia. Mke wangu akanitazama kutoka juu. "Basi panda wewe."

Nikapanda.

Sasa tumesimama juu ya mteremko. Ndio ule ule. Kashuka kukagua matairi. Naandika magotini, herufi zinaruka kwa mtikisiko wa injini.

Njiani nilikusudia kumwambia. Akaanza yeye. "Kaka kakwambia." Hakuwa anauliza.

Nikasema ndiyo.

Akabadilisha gia. Kasema hakumbuki. Anakumbuka alishika usukani, kisha anakumbuka majani usoni. Katikati hamna kitu. Kila akijaribu kupatazama pale katikati, anaweka breki zilizokata, maana lazima paweko kitu.

Nikamwambia tugeuze. Tuliuze vipuri, nitashona mpaka vidole viote sugu. Sikuona haya, nilimshika mkono kabisa. Akasema hapa lori haligeuki, barabara nyembamba, njia ni kuteremka tu. Akaongeza kwamba hata pangekuwepo nafasi, asingegeuza. Kisha akashuka.

Anarudi. Uso kaulowesha maji, yanamtiririka shingoni. Mlango umegoma, kauvuta tena kwa ule mkono mzima. Anafunga mkanda. Anasema weka kalamu, baba watoto, niongeleshe. Juu ya nini? Chochote. Ila usinyamaze mpaka tufike chini.

Kaachia breki ya mkono. Lori linakwenda — naweka kalamu, naanza kumsimulia nilivyonusurika kumeza pini siku ile alipolileta.