Maji ya Nyungu Yako

Mama Ingosi,

Maji yamepita kipimo! Nimeona nikuandikie leo leo kabla sijapasuka. Ni mkono wangu huu huu wa darasa la tatu, kwa hivyo soma polepole na usicheke.

Msichana wa afya, huyu anayetupimia maji, amerudi asubuhi na karatasi ya majibu, akaisoma mbele ya watu wote pale chemichemi. Mara ya kwanza walikuta uchafu wa choo ndani ya maji. Mara hii hakuna. Yangekataa tena, wangeifunga, na kijiji kizima kingeenda kuteka mtoni. Akina mama wamepiga vigelegele, na mimi nimesimama katikati kama bwana harusi.

Ngoja nikueleze, maana ulituacha kabla ya haya yote.

Unakumbuka nilivyojisifu kwamba sijawahi kuumwa tumbo. Wageni wakija nawachotea kwa nyungu yako, nawaambia wanywe, hii ni chemichemi niliyoijenga mwenyewe, maji yake hayahitaji moto. Na wewe umekaa pale unachambua mboga. "Ndiyo, Baba Ingosi." Basi.

Ulipoenda, nyungu ikabaki tupu. Mke wa mwana wetu hawezi kuingia nyumba ya baba mkwe, unajua mila yetu, kwa hivyo nikajitekea. Maji meupe kabisa. Wiki mbili tu, Mama Ingosi! Tumbo likageuka, homa ikapanda, nikabebwa hospitali kama gunia la mahindi. Daktari akasema taifodi. Nikamwambia amekosea, apime tena. Akapima tena.

Niliporudi, mke wa Ingosi alisimama nje ya mlango, uso ameugeuzia migomba, akasema kwa sauti ndogo, "Baba, mama alikuwa anachemshanga. Kila alfajiri, ukienda kukama ng'ombe. Alituambia tusikwambie."

Nikaingia jikoni kwako, nikayaangalia mafiga.

Miaka yote hiyo. Kuni zote hizo. Na mimi nikilalamika jikoni kuna moshi. Ungeniambia ningeyamwaga, na ulijua.

Lakini unanijua. Nikashikwa na hasira, nikamwita mwenyewe huyo msichana wa afya aje apime, nimwonyeshe chemichemi yangu haina neno. Akapima. Kisha akapanda mlima, akaenda kusimama kwa choo chetu. Choo changu! Kile ulichoniambia nichimbe kule chini ya chemichemi, kwa migomba, nikakataa, nikachimba huku juu yake, futi ishirini kwenda chini, na hakuna mwanamume kuanzia hapa mpaka Lubao aliyefika hapo. Kumbe huo urefu wenyewe ndio ulikuwa unasogeza uchafu karibu na maji yaliyo ardhini.

Nimekifukia kwa mikono hii. Ingosi alitaka kunisaidia, nikamfukuza. Kipya kiko kule chini, pale pale uliponionyesha, kifupi, na kizuri kuliko vyote vya hapa. Chemichemi tumeisafisha, tumeitia dawa, tumeizungushia ua. Mvua za msimu zikanyesha zote, zikaisha, ndipo akaja kupima tena.

Leo watu wakinipongeza, nikaanza kusema nilijua tu. Nikaacha katikati. Nikawaambia wote kwamba ni wewe uliyesema kwanza, na mimi ndiye niliyekataa. Ukiwa hai sikuwahi kusema hivyo. Hilo unisamehe.

Yule msichana anasema tuendelee kuchemsha hata hivyo, kwa sababu mitungi nayo huwa michafu. Basi nachemsha kwa sufuria yako ile yenye sikio moja. Majirani wananicheka, eti mzee amepiga magoti anapuliza moto. Wacheke. Hakuna anayeuwasha haraka kama mimi.

Nyungu imejaa. Nakuahidi, nikiwa na pumzi hayataingia humo maji yasiyoona moto.

Lala, Mama Ingosi. Usiamke. Moto wa alfajiri ni wangu sasa.

Baba Ingosi