Mama, Ulisema Siri ya Baba Zawadi

Mpendwa mama,

Jana nilikuwa nyumbani Manyoni, Mama Zawadi akafika kutoka Kinampanda akitafuta kaburi lako. Tangu hapo sijatulia.

Unakumbuka ile miaka ya kupunguzwa kazi reli? Wanaume walirudi nyumbani mikono mitupu, ugomvi ukajaa majumbani. Wewe, mwalimu mstaafu uliyesomeshwa na parokia kushauri familia, ulikuwa unawapokea sebuleni, mume na mke, Mkristo na Mwislamu. Kila kikao ulikianza hivi: "Kinachosemwa hapa kinabaki hapa."

Baba Zawadi alikuja peke yake. Alipima Dodoma, akakutwa na ukimwi, na mkewe hakujua. Ulimsihi amwambie. Akakujibu, "Dada, ukisema utakuwa umenizika mzima."

Ukaacha kula. Mama Zawadi alikuwa anakuja kuchota maji kwetu huku anacheka, anakwambia sasa anataka kumpatia Zawadi mdogo wake. Siku hiyo ulimwita tena mumewe. "Usiposema wewe, shemeji, nitasema mimi." Hakusema. Ukasema wewe.

Mama Zawadi alipima, hakuwa nao. Akamchukua mtoto, akarudi kwao. Mumewe alikufa bila mtu wa kumpa hata uji, na dada zake wakakutukana pale pale msibani.

Baada ya hapo sebule yetu ikawa tupu. Neema, uliyekuwa unamshauri kwa sababu ya kipigo cha mumewe, naye akaacha kuja. Nilimkuta sokoni jicho limevimba, nikamwambia, "Njoo kwa mama."

"Nije aende kunitangaza?"

Haukupita muda kipigo kikamuua, tukamzika. Tulipokuwa tunarudi kutoka makaburini, uliniuliza, "Mwanangu, nimeokoa mmoja nikaua mwingine?" Hukushauri mtu tena mpaka ulipotutoka.

Sasa kazi hiyo naifanya mimi hapa Singida mjini, nina cheti na ofisi. Watu wananiuliza kama siri zao zitabaki kwangu. Nasema ndiyo, na kila nikisema moyo unanisuta.

Jana nilimpeleka Mama Zawadi kaburini kwako. Alipiga magoti, akalia, akasema, "Wajukuu wangu nimewaona kwa sababu ya huyu mama." Tulipotoka tulipishana na mama yake Neema. Nikamwamkia, "Shikamoo, mama."

Alinitazama, akapita.

Pumzika, mama. Huku bado kuzito.

Ni mimi,
binti yako wa mwisho