F ya Naomi

Mjukuu wangu Eliya,

Marahaba. Hapa Kiomboi tu wazima. Bibi yako amemaliza kupura alizeti, mgongo tu ndio unamsumbua.

Unauliza kwa nini 10101111 ya binari inakuwa AF kwa heksadesimali. Gawa tarakimu zake nne nne kuanzia kulia. Nafasi zina thamani ya nane, nne, mbili na moja. 1010 ni nane na mbili, yaani kumi, inayoandikwa A, maana baada ya tisa heksadesimali hutumia herufi. 1111 ni kumi na tano, ndiyo F. Ukirudi kwenye binari, kila herufi inafunguka kuwa tarakimu nne.

Mimi nilichelewa kulijua hilo. Nikiwa mwalimu kijana, niliandika ubaoni 1111 ya binari, nikauliza ni ngapi. Naomi, mwanafunzi wangu aliyekuwa akisoma nyumbani kitabu cha kompyuta cha kaka yake, akaandika F. Shuleni F ni kufeli, nikadhani ananidhihaki. Nikamsimamisha mbele ya wenzake.

"Ni kumi na tano, mwalimu," akasema taratibu.

"Kumi na tano haiandikwi kwa herufi. Kaa chini."

Hakunyoosha mkono tena.

Juzi nilikutana naye mtaani kule Mandewa. Akaniamkia kwa adabu, nikaitikia, nikapita.

Ile F, Eliya, ilikuwa ya babu yako.