Majengo Thelathini na Moja ya Baba

Mwaka umetimia, Baba, tangu utuage. Viatu vyako bado viko chini ya kitanda, na kalamu zako za kuchorea ramani za nyumba hakuna aliyethubutu kuzigusa.

Kazini walikuita Bwana Rula. Ubabaishaji hukuutaka, mstari ukienda kombo, unafuta, unaanza upya. Nyumbani ulikuwa mpole. Ulitupigia pasi sare za shule mwenyewe mpaka tulipomaliza.

Jumamosi ilikuwa siku ya stempu. Ulikusanya za majengo tu, ya nchi moja ya mbali, ukazibandika kwenye albamu: stesheni, mahakama, maktaba, jumba la makumbusho. Ulitupatia kioo cha kukuzia, ukauliza, "Madirisha mangapi?" Aliyekosea aliosha vyombo. Ulisema unapewa na rafiki wa kazini.

Nchi hiyo ndiko alikokwenda Kaka yetu mkubwa, mlipokosana kwa sababu alikataa kurithi kazi yako. Tulidhani stempu ndiyo njia yako ya kumkumbuka. Tulikuonea huruma, Baba.

Kila ulipotoka posta Mama alikuuliza, "Hajaandika?" Nawe bila kupepesa macho, "Mwanao ametusahau, mama watoto. Zoea tu." Miaka tisa. Mwishowe Mama akaacha kuuliza, akaacha hata kumtaja.

Wiki tatu zilizopita Dada, yule mshonaji, alibandua ile ya maktaba aitie kwenye fremu kwa ajili ya siku hii. Kumbe stempu ilikuwa imechapwa kwenye barua ya anga, ile karatasi moja inayokunjwa ikawa bahasha, nawe uliikata na karatasi yake. Kwa nyuma, mwandiko wa Kaka: "...mguu wa Mama unaendeleaje? Mwambie mbona..." Hapo ndipo mkasi wako ulipopita.

Tulizibandua zote. Thelathini na moja, kila moja na mwandiko wake nyuma. Barua zenyewe hatujui ulizipeleka wapi. Majengo uliyatunza vizuri, hata vumbi hayana.

Mama alivishika vile vipande asubuhi nzima. "Alikuwa ananiulizia," akasema, "na mimi namlaumu." Akataka picha yako itolewe sebuleni. Baadaye akataka irudishwe.

Umetuumiza, Baba. Tulikupenda, bado tunakupenda, na hilo ndilo linalotukera zaidi.

Muhuri wa mwisho wa posta ni wa miaka sita iliyopita. Anwani hatuna, uliikata. Kaka, kama tangazo hili litakufikia: Mama hakusoma barua yako hata moja. Mguu ulishapona. Andika kwa jina lake, au njoo tu.

Unakumbukwa na mkeo, binti yako mshonaji, mwanao dereva, kitinda mimba wako na wajukuu. Kaka hatukumtia kwenye orodha, atajisemea mwenyewe.

Hatutakusahau, Baba, hata kama tungetaka.