Afande Aliyesalimia Kwanza

Mwaka umetimia, dada yetu Benedicta, tangu Mungu alipokuita huku sare yako ya kazini ikiwa bado imeanikwa kambani. Shemeji Philbert aliianua mwenyewe, akaipiga pasi, na mpaka leo inaning'inia nyuma ya mlango wa chumba chenu kule Mbeya. Hakuna aliyethubutu kumwambia aitoe.

Ndugu wamemtaka mdogo wako Faustina aandike kwa niaba ya wote, kwa sababu kaka Edmund akianza kuandika hamalizi, na Mama amesema kazi yake ni kuongea, kuandika waandike wenye miwani. Basi haya ni maneno ya familia nzima. Yanapochechemea, mlaumu Faustina, kama ulivyozoea.

Ulikuwa Sajenti wa polisi kwenye kituo kidogo cha nje ya jiji la Mbeya, kando ya barabara kuu, kituo chenye kaunta moja, benchi moja na kalenda ya parokia uliyoitundika mwenyewe. Hapakuwa na mambo ya kwenye sinema pale. Walikuja waliopoteza vitambulisho wakitaka RB, ile namba ya taarifa ya polisi, ya kupeleka benki. Walikuja mke na mume waliopatanishwa juzi na leo wamevunjiana sufuria. Alikuja mzee mwenye mbuzi aliyekula mahindi ya jirani, na jirani naye akamleta mbuzi kwa kamba, akidai ni kielelezo. Mbuzi huyo alilala kituoni na akala ukurasa wa Novemba wa kalenda ya parokia. Wote hao, mbuzi akiwemo, uliwaita wageni wako.

Na kila mgeni ulimsalimia kwanza. Ulitoka nyuma ya kaunta, ukakunja goti kidogo kama Mama alivyotufundisha, ukatoa mkono wa kulia huku wa kushoto umeshika kiwiko, ukasema, "Kamwene," salamu ya kwetu. Mnyakyusa ulimwambia, "Mugonile." Aliyeletwa na pingu ulimsalimia vilevile, ukaishika mikono yake yote miwili kwa pamoja kwa kuwa haikuweza kuachana. Wenzako walikucheka wakakubatiza jina la Afande Kamwene. Wewe uliwajibu, "Mtu sijamsalimia, nitaanzaje kumuuliza?"

Hayo yalikuwa Mbeya. Kijijini kwetu, jirani na misheni ya Tosamaganga, ulikuwa nesi.

Wasomaji wasiotufahamu watashangaa, kwa hiyo tuwaeleze. Mama Veneranda alitusomesha kwa kupika komoni. Asubuhi moja, wewe ukiwa bado shule ya msingi, askari walikuja wakasema anauza kabla ya saa zilizoruhusiwa. Walipindua pipa, pombe ikatiririka uani mpaka kwenye bustani ya jirani, nao wakaondoka bila hata kuuliza hali. Mama aliokota pipa lake, akatuangalia, akasema neno polisi lisitajwe tena ndani ya nyumba yake. Halikutajwa.

Miaka ikapita, ukapata nafasi ya kusomea unesi. Mama aliitangaza jumuiyani, sokoni, na kwa padri. Kisha ukaja na habari nyingine: umechaguliwa kwenda Moshi, chuo cha polisi, na umekubali. Mama aliendelea kusonga ugali kama hajasikia. Ulipiga goti pale jikoni ukamwambia, "Mama, siku ile wangekusalimia kwanza, mngepata la kuongea. Hawakusalimia. Mimi nitasalimia."

"Nenda," Mama alisema. "Ila hapa kwetu wewe ni nesi. Usinitie aibu kwa watu."

Ndivyo ilivyokuwa. Ukija likizo, sare uliiacha Mbeya. Mabibi walikunja mikono ya sweta wakikuletea presha zao, nawe uliwashika mikono, ukawajulia hali, ukawaambia, "Bibi, nenda kapime hospitali, usichelewe." Hukusema uongo, ila ukweli nao hukuutoa kabatini. Siku moja Faustina akikusindikiza stendi alikuuliza kama huchoki. Ulimjibu kwamba cheo hukitafuti. Ulitaka jambo moja tu, siku moja umsikie Mama kwa kinywa chake mwenyewe akisema mwanangu ni polisi. Ulilisema hilo ukicheka, lakini Faustina anakujua, na kicheko kile hakikuwa cha furaha.

Sasa tuseme habari ya Ng'washi, maana bila yeye tusingekuwa na la kusimulia. Ng'washi ni mke wa Mzee Mihayo, familia ya wafugaji waliohamia Usangu kutoka kaskazini. Alikuja Mbeya kuuza mchele. Akiwa barabarani aliona mtoto mdogo peke yake anaelekea kwenye malori, akamnyakua, akambeba, akaanza kuuliza mtaa kwa mtaa kwao ni wapi. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, na mtoto alikuwa analia. Siku hizo mji ulikuwa na uvumi wa wezi wa watoto. Mtu mmoja akapiga yowe, na kabla Ng'washi hajajieleza alikuwa amezungukwa na watu walioshika mawe, wengine wamekwenda kutafuta tairi.

Koplo Boniface, mliyekuwa naye zamu siku hiyo, alitusimulia. Mlifika kwa bodaboda, mmoja nyuma ya mwenzake. Yeye alitaka kupiga risasi hewani. Ulimshika mkono ukamwambia asubiri, kwamba wakikimbia watarudi, na watarudi mkiwa mmeondoka. Kisha ukaanza kusalimia.

Ulianza na mzee kuliko wote. Ulikunja goti, ukatoa mkono wa kulia, wa kushoto kwenye kiwiko. "Mugonile, baba." Mzee yule alikuwa na jiwe. Kwao, kama kwetu, mkono uliotolewa kwa heshima haupokelewi kwa kiganja kimoja huku kingine kina jiwe, hasa mbele ya watu. Akaliweka chini, akapokea. Ukamuuliza habari za nyumbani, za mgomba wake ulioanguka kwa upepo, na za mwanae aliyelazwa. Ukaenda kwa wa pili. Uliwajua, Benedicta, kwa sababu nusu yao walikuwa wageni wako wa kaunta. Kijana mmoja alisema, "Afande, tusizinguane, huyu ni mwizi." Ukamwambia, "Sawa mwanangu, tutafika huko, kwanza nisalimie," ukamnyooshea mkono. Akabaki anaangalia jiwe lake, halafu akaliangusha nyuma ya kisigino kama mtoto anayeficha andazi.

Wa mwisho kusalimiwa alikuwa Ng'washi, ameketi vumbini na mtoto kifuani. Ulimwambia neno pekee la Kisukuma ulilolijua, "Mwangaluka." Akakuangalia, machozi yakamtoka, akajibu, "Mwangaluka, mayu," akikuita mama. Hapo ndipo ulipowauliza watu, kwa sauti ya kawaida, nani alimwona mtoto huyu mara ya kwanza na wapi. Mama mmoja muuza mihogo akasema kweli, alimwona akienda barabarani, ila alidhani ana mtu. Mama mzazi, Mercy, alifika mbio bila viatu, na mtoto akarukia kwake. Tairi lilipoletwa, waliobaki hawakujua walipeleke wapi.

Ulirudi kituoni ukaendelea na kesi ya mbuzi. Sisi nyumbani hukutuambia kitu.

Aliyetuambia ni Mzee Mihayo mwenyewe. Baada ya mavuno alikuja kijijini kwetu na mkewe, wamepakia mtamba wa ng'ombe kwenye gari, wanauliza njia. Ilikuwa Jumapili, watu wanatoka misani, kwa hiyo Mama alikuwa na mashahidi wengi kuliko alivyotaka.

"Shikamoo, mama. Tunatafuta kwa mama yake na afande Benedicta," alisema Mihayo.

"Marahaba. Hapa hakuna afande," Mama alimjibu. "Binti yangu ni nesi."

Mihayo alitoa kofia, akaeleza yote, taratibu, jiwe kwa jiwe na mkono kwa mkono, na Ng'washi akaonyesha jinsi ulivyokunja goti. Alipolionyesha goti lile, Mama alikaa kwenye kizingiti. Goti hilo alilifundisha yeye.

"Basi huyu ng'ombe ni wenu," Mihayo alimaliza.

Mama alichukua simu yake ya batani, ile ambayo spika yake inasikika mpaka kwa jirani, akakupigia. Wote tulikusikia: "Mama, usimpokee. Hiyo kwangu ni rushwa, hata kama wana moyo mwema. Waambie nashukuru sana, warudi naye." Mama akaishusha simu mapajani. Mihayo akasema si wa afande, ni wa mama aliyemfundisha afande kusalimia. Bibi mmoja wa jumuiya akasema nesi hakatazwi ng'ombe, mpokee tu. Mwingine akaunga mkono, na mtamba naye akaanza kula maua ya uani.

Mama akasimama, simu ingali mkononi. Alisema polepole, na hakuna ambaye hakumsikia. "Nilikuwa nawadanganya. Mwanangu si nesi. Mwanangu ni polisi, na polisi huyu hapokei."

Mihayo alirudi na ng'ombe wake. Mama aliingia ndani akafunga mlango, na mabibi waliokuwa wakikuletea presha walibaki wanatazamana. Hakuna hata mmoja aliyemsema vibaya, kwani wengine walikuwa wanajua siku nyingi.

Ungedhani baada ya hapo angekwambia. Hakukwambia. Ulipopiga simu aliulizia mwanao Clement, viazi na baridi ya Mbeya. Alitaka kukuambia uso kwa uso, Krismasi, na alikuwa amemwagiza Faustina akuambie uje na sare. Faustina alikuwa anaitunza siri hiyo kama keki. Lakini Julai ile presha ikakuchukua, wewe uliyewatuma mabibi wote wakapime, na ya kwako ukaiahirisha kila zamu.

Mazishi yako, Benedicta, kijiji hakijasahau. Wenzako walikuja na gwaride, wakakubeba mabegani. Walikuja watu wa kaunta, mzee wa mbuzi, Mercy na mtoto wake, na Clement alisimama wima muda wote kama ulivyopenda asimame. Mihayo na Ng'washi walikuja na mtamba yuleyule. Mama alikuwa mkekani. Alipomwona ng'ombe alimwita Koplo Boniface kumuuliza, mbele ya wafiwa wote, kama sheria inaruhusu. Boniface alikunja goti akatoa mkono, wa kushoto kwenye kiwiko, "Kamwene, Mama," akasema huyu ni wa rambirambi, msibani hakuna rushwa. Hata waliokuwa wanalia walicheka kidogo.

Mama hakucheka. Alimng'ang'ania Boniface mkono, akasema, "Nilitamka kwamba ni polisi, nikawatamkia watu wote. Yeye hakunisikia. Amekwenda bila kunisikia."

"Alikusikia, Mama," alisema Boniface.

Akaeleza. Siku ile ulikuwa kaunta, simu sikioni. Mama aliishusha mapajani, hakuikata. Ulibaki umesimama, unasikiliza mabibi wakibishana, na Boniface aliyekuwa pembeni yako alikuwa akisikia vilevile, kwa kuwa simu yako nayo ilikuwa na spika ya kusikika kwa jirani. Ikaja sauti ya Mama, polepole: mwanangu ni polisi.

"Akasema nini?" Mama aliuliza.

"Aliweka simu mezani, akatoka nje, akanawa uso bombani. Akarudi, akamsalimia mtu aliyefuata."

Mama alizidi kuukaza mkono wa Boniface. Kisha akamwambia, "Rudia."

Boniface akarudia. Huwa anapiga simu kila mara kumjulia hali, na kila mara Mama humwambia arudie, naye hurudia bila kuchoka, mpaka pale uliporudi ndani na kusalimia. Hapo Mama husema, "Haya, asante mwanangu," ndipo waongee mengine.

Msalaba wako umekamilika. Edmund alipendekeza maneno marefu, wewe unamjua. Mama aliyakata yote. Alimwagiza fundi aandike Sajenti kwanza, jina lifuate, na kwa herufi ambazo mtu anayetoka misani atazisoma akiwa njiani. Misa ya kumbukumbu itasomwa Jumamosi saa nne asubuhi kanisani kwetu, na baada ya hapo sote tutakwenda kaburini. Clement atavaa shati alilochagua mwenyewe, na ng'ombe wa Mihayo, aliyezaa mwezi uliopita, atatupa maziwa ya chai.

Wanaokukumbuka: mama yako mzazi Veneranda Kihwele, mumeo Philbert, mwanao Clement, kaka yako Edmund, mdogo wako Faustina, ukoo wote wa Kihwele wa Tosamaganga, familia ya Mzee Mihayo wa Usangu, Koplo Boniface na askari wenzako, na wageni wako wa kaunta.

Siku zote tutakaposhikana mikono, tutashikana kwa mikono miwili, na hapo utakuwa nasi. Kamwene, Sajenti.