Moto wa Uani Bila Msiba

Jumatatu, 1 Julai

Ugali umeungua chini tena. Na umebaki mwingi tena. Mkono wangu bado unapika wa watu wawili, ingawa mke wangu, Mama Nkwimba, tulimzika kabla ya masika. Nimekula nimesimama jikoni, mlenda moja kwa moja kutoka kwenye sufuria. Bakuli la nini?

Kwa baba yangu hakuna mwanaume aliyekula ndani. Jioni moto uliwashwa uani, ndiyo shikome, na kila nyumba ya jirani ilileta ugali wake pale. Wanaume walimaliza sahani moja, wakahamia nyingine. Aliyejifungia ndani na chakula chake aliitwa mchoyo mpaka watoto wakamtungia wimbo. Alikuwepo mzee mmoja mgane, hana wa kumpikia. Alikula pale miaka na miaka, akanenepa. Hakuna aliyemuuliza sahani yake ni ipi.

Sasa huku pembeni mwa Bariadi kila mtu na mlango wake. Taarifa ya habari naisikia kutoka nyumba tatu. Nimeshiba na bado nina njaa, sijui ya nini.

Jumatano, 3 Julai

Mama Sayi, mke wa Maduhu wa ng'ambo ya barabara, ameleta michembe. Viazi vikavu, kavichemsha na karanga. Kanipa kwa mikono miwili na ile sauti ya kuongea na mgonjwa. Nimechukia. Sahani ya shikome ilikuwa yangu kama ilivyokuwa ya wengine. Hii ni ya kuhurumiwa. Nimeila yote.

Jioni Nkwimba kapiga simu kutoka Mwanza. Binti yangu huyu akishika jambo haachii. Chumba kipo tayari. Anasema mtu wa umri wangu akila peke yake anakwisha. Jumapili anakuja, na akikuta hali ndiyo hiyo, mbuzi wauzwe, tuondoke wote. Akauliza nakula na nani. Nikasema na wanaume wenzangu, uani, kila jioni.

Uongo mtupu. Ulitoka laini kabisa.

Sitaki Mwanza. Nilikaa huko mwaka jana. Mlango wa chuma, gesi, wajukuu wameinamia simu. Hapa angalau kaburi la mama yake liko nyuma ya zizi, naliona nikifungua dirisha.

Alhamisi, 4 Julai

Nimekata shauri. Nitawasha shikome. Watakaoona moto watakuja, na Jumapili uongo utakuwa umeshageuka kweli. Nimekusanya miti ya pamba shambani, nikakokota magogo mawili ya kukalia. Mgongo unauma. Nimefurahi, kusema kweli.

Ijumaa, 5 Julai

Sina hamu ya kuandika. Naandika.

Moto uliwaka vizuri. Ugali wa mtama, kuku, mchuzi mzito. Nikakaa, nikangoja. Wa kwanza alikuwa Maduhu, anakuja mbio, blanketi begani. Nikajiuliza la nini. Nyuma yake wanawake, khanga zimefungwa kiunoni, mmoja na unga kichwani, mwingine na kuni. Kabla hawajafika getini Mama Sayi akaangua kilio cha kumwita mama yake. "Mayu wane! Mayu wane!"

Ndipo nikaelewa. Siku hizi moto wa uani ni wa msiba tu. Wanaume wanaulalia mpaka mazishi. Wote walidhani kwangu kuna maiti.

Maduhu akauliza ni nani. Nikasema hakuna. Akadhani nimechanganyikiwa, akauliza tena taratibu, kama anayemuuliza ndugu yake: ni Nkwimba? Nikasema, "Nilitaka kula na watu."

Sijawahi kutamka neno la aibu kama hilo mbele ya wanawake. Halafu Mama Sayi, machozi hayajamkauka, akasema moto wa msiba bila maiti unaita maiti. Ni uchuro. Akaubeba unga wake. Wote wakaondoka. Maduhu alibaki nyuma kidogo, akamega tonge moja, akasema kwake wameshapakua. Kuku nimempa mbwa.

Jumamosi, 6 Julai

Mtaa mzima unajua. Dukani wamenyamaza nilipoingia. Mtoto mmoja kaniamkia kama babu yake, "Mwangaluka, guku," halafu akakimbia.

Nimezoa majivu. Nguo nimezipanga kwenye begi, kwa sababu kesho Nkwimba atayasikia haya hata kabla hajashuka kwenye basi. Nina hasira na watu wote, na sina wa kumgombeza.

Jumapili, 7 Julai

Nkwimba kafika mchana. Kaliona begi, kapita moja kwa moja jikoni. Kapika. Tumekaa nje kwenye magogo, bila moto.

Jua linazama, Maduhu huyo anavuka barabara na sahani, kaifunika kwa kawa. Mwanaume wa Kisukuma, anakaribia miaka sabini, kabeba ugali mwenyewe hadharani huku watu wanamwangalia! Uso ulikuwa umemvimba kwa aibu.

"Mama Sayi kagoma kuleta," akasema. "Anaogopa uwanja wako. Nimeleta mimi."

Akaketi. Nkwimba akamuuliza kama kweli huwa tunakula wote. Maduhu akameza tonge. Kisha akasema, "Mwanangu, mimi leo ndiyo nimechelewa."

Nkwimba akaniangalia. Alijua. Akanisogezea mboga.

Jumatatu, 8 Julai

Nkwimba kaondoka na basi la asubuhi, peke yake. Nguo zangu kazirudisha kabatini mwenyewe. Nyumba imepooza. Nimelia kidogo kule zizini.

Jioni nimesonga ugali. Maduhu hakutokea. Nikangoja, nikafikiri pengine ilikuwa ya mara moja, kwa ajili ya mgeni. Mwisho nikaibeba sahani yangu, nikavuka barabara. Kumbe Maduhu kajilaza, anaumwa kiuno. Mlangoni nikakutana na Mama Sayi.

Hakunikaribisha wala hakunifukuza. Akaitazama sahani. Akamega ugali wangu palepale, akatafuna.

"Haujaiva," akasema.

Akamega tena.